Ramani Nyuma ya Dunia

Wanasema hasira hasara, lakini hasira zangu ziliwahi kunipa faida moja kubwa, na sijapata kuzitubia.

Ilikuwa mwaka 1954, siku ya mwisho kabla ya likizo ya Agosti, katika shule ya misheni nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilikuwa nafundisha jiografia darasa la nne. Ramani yetu ya dunia, ambayo nilikwisha kuomba mara nne ibadilishwe, iliteleza msumarini ikamwangukia kichwani mtoto wa mstari wa mbele. Darasa zima likacheka. Nikaivuta kwa nguvu niende kuitupa jalalani, ikachanika kutoka Amerika mpaka Australia.

Nyuma ya dunia kulikuwa na karatasi nyingine.

Mtu fulani, zamani, alikuwa ameibandika dunia juu ya ramani kuukuu ili kuipa ugumu. Niliwaruhusu watoto nusu saa kabla ya kengele, nikajifungia darasani, nikaanza kuibandua kwa maji ya vuguvugu na kisu cha mezani. Ilipofika saa kumi ilikuwa imebanduka yote. Ilikuwa ramani ya Wajerumani, ya mwaka 1894, na haikuwa ramani ya nchi nzima yenye mito miwili na mji mmoja. Ilikuwa ya huku kwetu tu, kutoka Shinyanga kwenda magharibi. Kila kijito kilikuwemo, na kila kilima kimechorwa kwa vistari vidogo kama manyoya ya kifaranga. Njia ya msafara ilipita katikati, na kando yake palikuwa na nukta nyeusi, kila nukta na jina lake: Luhala, Isonda, Mbuke, Nyamtelela, Ngeme, na mengine chungu nzima. Siku zile mji, yaani boma la mtu na watu wake, uliitwa kwa jina la mwenye mji. Akihama, jina nalo lilihama.

Mimi nilitaka jina moja tu: Maganga.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa Paskalia, lakini pale Mhunze alikokuwa akiishi walimwita Ng'wana Maganga, yaani binti wa Maganga, kama Wasukuma wanavyomheshimu mwanamke kwa jina la baba yake. Huyo Maganga alikuwa na mji wake na zizi kubwa huko magharibi, ng'ambo ya Kharumwa. Alifariki Bibi akiwa na miaka kama kumi, akazikwa zizini mwake, anapozikwa mwenye mji, ng'ombe wapite juu yake. Halafu mbung'o wakaingia. Ng'ombe wakaisha, watu wakahama, pori likarudi na kukalia kila kitu. Tangu hapo hakuna mtu wake aliyesimama tena kwenye lile kaburi. Katika kila msiba Bibi alisema neno lile lile: "Na baba yangu yuko peke yake porini." Alitaka ammwagie pombe kidogo, achukue gao moja la udongo wa zizi, kiasi cha kiganja, aje nalo nyumbani ili mzee akae na watu wake. Basi. Hakutaka kingine duniani.

Na mwaka ule muda ulikuwa unamkimbia. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba pori lile litafyekwa lote ili kuwamaliza mbung'o. Zingeletwa katapila mbili zilizofungwa mnyororo mmoja mnene katikati, na zikipita hazibakizi mti wala kichuguu. Kazi ingeanza wiki ya kwanza ya likizo yangu.

Nilifika Mhunze kesho yake nikiwa nimeviringisha ramani ndani ya kanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ng'wana wane. Mbona unahema kama umefukuzwa na fisi?"

Nikaitandaza mkekani. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, lakini nilipomwonyesha kijito kilichotoka katikati ya vilima viwili na kupinda mara tatu, aliinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hiki nakijua," alisema. "Hapa kinapopinda tulikuwa tunachota maji. Na yule mzungu mwenye darubini ya miguu mitatu alipita kwetu nikiwa mtoto wa mgongoni. Walinisimulia. Shemeji yangu, mume wa dada Kabula, ndiye aliyemwongoza na kumtajia miji."

Hadithi ya yule shemeji nilikuwa nimeisikia tangu sijaota magego, kwa hiyo sikusikiliza. Nilikuwa nimepiga magoti, kidole kinakimbia juu ya majina. Nilipata Maganga mmoja karibu kabisa na ziwa, na mwingine upande wa Shinyanga. Kando ya kijito kile kulikuwa na nukta sita, na hakuna hata moja iliyoandikwa Maganga. Nikarudia. Nikarudia tena. Nilihisi kulia.

"Nisomee yote," Bibi alisema.

"Nimekwisha kuyapitia, Bibi. Hayumo."

"Nisomee tu, nisikie."

"Bibi, nikusomee majina mia mbili ya watu waliokufa mpaka jua lizame? Hayumo!"

Akainua uso kutoka kwenye karatasi. Nilimjibu vibaya, na leo nikikumbuka uso unaniwaka. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kununa. Alifunga kibuyu chake cha pombe ya mtama kwa kitambaa, akasema kama baba yake hayumo kwenye karatasi, kijito kimo, na yeye atakwenda kukaa kando ya kijito.

Gari tulilopanda lilikuwa la baba yangu. Baba yangu, Bartholomeo, alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu asiyeogopa simba wala trafiki, ila alimwogopa mama mkwe wake, yaani Bibi, kama inavyompasa mwanamume mwenye adabu. Hamtazami usoni, hali naye, hamtaji jina, na njiani wakikutana yeye ndiye anayeingia kichakani. Sasa Bibi mwenye miaka sitini asingeweza kupanda juu ya magunia, na lori haliwezi kuendeshwa kutoka kichakani. Tulitundika kanga katikati ya chumba cha dereva, Bibi akakaa upande wa mlango, mimi katikati, kanga ikinipiga usoni kila tulipoingia shimo. Ujumbe ulipitia kwangu.

"Mwulize mama kama anasikia kiu."

"Mwambie mkwe aangalie mbele, kiu ni yangu."

Hivyo hivyo, kutoka Shinyanga mpaka Kharumwa, halafu maili kumi na mbili zaidi, mpaka njia ilipokomea kwenye kambi ya wafyeka pori. Tulilala hapo. Asubuhi, jua halijapanda, tulizisikia zile katapila zikiwashwa, na ardhi ikatetemeka mpaka maji yakacheza sufuriani. Bibi alikishika kibuyu chake kwa mikono miwili.

Kambi ilikuwa penye makutano ya vijito viwili, na kimoja kati ya hivyo ndicho kijito chetu. Penye kizuizi palikuwa na kibanda, na ndani yake msimamizi, mtu mrefu wa Biharamulo aliyeitwa Marcel, kalamu sikioni. Hakuna aliyeingia kwenye pori lililofungwa bila kuandikwa jina na kukaguliwa mbung'o mgongoni kwa wavu. Nilimweleza shida yetu, nikamwonyesha ramani. Aliitazama kwa tamaa. Ramani yake mwenyewe ilikuwa miraba mitupu iliyochorwa kwa penseli ya buluu.

"Mwalimu," alisema, "pori hili lina babu wa kila mtu. Siwezi kuacha pori zima. Lakini nina ruhusa ya kuacha mahali panapojulikana, penye makaburi. Nionyesheni nukta moja. Moja tu. Saa sita mchana mnyororo unaingia upande ule wa kijito. Kabla ya hapo nikipaona kwa macho yangu, nitapazungushia duara. Baada ya hapo, mnisamehe."

Nukta zilikuwa sita, zimetawanyika kandokando ya maili nane za kijito, na Bibi alitembea kwa miguu ya miaka sitini. Kabla ya saa sita tungeweza kufika kwenye nukta moja, labda mbili. Nilipiga hesabu mara tatu nikitarajia ibadilike. Haikubadilika.

Marcel akafungua daftari lake.

"Jina?"

"Bartholomeo, dereva," alisema Baba.

"Na mama huyu mzee?"

Baba akageuka akatazama miti. "Andika Mama Zipora."

"Zipora ni nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi huyu aliyepo anaitwa nani?"

"Mama Zipora."

"Jina lake mwenyewe, bwana!"

Jasho likamtoka Baba. "Bwana Marcel, ukitaka nifunge. Huyu ni mama mkwe wangu. Nitamtaja kwa jina la mtoto wake mpaka kesho, lakini jina lake halitatoka kinywani mwangu."

Wafyeka pori wakacheka, na mimi nikaanza kucheka nao, halafu nikaacha ghafla. Nimelelewa ndani ya adabu ile. Kila siku ya maisha yangu nimemsikia Baba akimwita Bibi "Mama Zipora", wala sikuwahi kuliwaza jambo hilo, kama mtu asivyowaza kwamba anapumua.

"Bibi!" Nilipiga kelele mpaka Marcel akaangusha kalamu. "Yule mzungu, nani alimtajia majina ya miji?"

"Ng'wana wane, nimekwambia mara mia. Shemeji yangu, mume wa Kabula."

"Mume wa binti wa Maganga! Maganga ni baba mkwe wake!"

Bibi akaacha kufunga kitambaa cha kibuyu. Nilimwona akianza kuelewa.

"Mayo wee," alisema taratibu. "Asingemtaja. Angekufa kwanza."

"Angesemaje basi? Mzungu amesimama mbele ya mji, anauliza, hapa kwa nani?"

"Angesema kwa baba wa fulani. Jina la mtoto."

"Mtoto gani? Si jina la mke wake mwenyewe?"

"Aa, la mke wake aliseme vipi mbele ya watu! Wakati ule nyumbani mtoto alikuwa mmoja tu, wa mke mdogo. Mimi."

"Paskalia?"

Bibi alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Paskalia nilipewa na padri nikiwa na watoto wanne! Na kabla yake huku ukweni nilikuwa Ng'wana Maganga tu. Baba aliniita Mbuke."

Nilikuwa tayari chini, magoti kwenye vumbi, ramani mbele yangu. Sikuhitaji kutafuta. Jina lile nilikuwa nimelipita mara tano, sita, kumi. Lilikuwa pale kwenye upindo wa pili wa kijito, herufi tano safi. Nikaushika mkono wa Bibi nikakiweka kidole chake juu yake.

"Hapa pameandikwa Mbuke. Mzungu aliambiwa baba wa Mbuke, akaandika Mbuke tu."

Kidole chake kilikaa pale muda mrefu. "Nilikuwa sina hata jino moja," alisema, "na nilikwisha kuandikwa." Kisha akanipiga kofi la begani, wala halikuwa la mchezo. "Na nilikuambia unisomee yote!"

Nilistahili. Nikamwomba radhi hapo hapo, nikicheka na kulia pamoja. Wale wafyeka pori nao walikuwa wamekwisha kusogea, wanataka kuona.

Nilichomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikaulaza juu ya kijito nikifuata kila kona, kama ninavyowafundisha darasa la nne, halafu nikaupima kwa rula dhidi ya kipimo cha ramani. Kilomita tano na ushei kutoka makutano. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Tukaondoka.

Baba alitangulia na panga akifungua njia, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa nyuma yake hakugeuka hata mara moja, hata alipochomwa na mwiba mguuni. Mimi nilimpigia kelele, kulia, kushoto, huku nahesabu hatua. Marcel alikuja nyuma yetu. Alisema anakuja kukagua mbung'o, lakini macho yake hayakutoka kwenye ramani yangu. Bibi alikuwa katikati na kibuyu chake kichwani. Sijawahi kumwona akitembea vile. Nilimwambia apumzike akaniuliza kama mimi ndiye niliyechoka.

Saa tatu na nusu tulifika. Upindo wa kwanza, upindo wa pili. Hatua zangu zilikwisha pale pale zilipotakiwa kwisha. Nikasimama, nikageuka huku na huku.

Hapakuwa na kitu. Miiba, nyasi, kichuguu. Hakuna jiwe, hakuna dalili ya mtu kuwahi kuwasha moto mahali pale. Bibi alizunguka kichuguu kile mara mbili, akarudi, akaniangalia. Mtazamo wake uliniuma kuliko lile kofi. Ng'ambo ya mbali mnyororo ulikuwa umekwisha kuanza. Tulisikia miti ikivunjika, mmoja baada ya mwingine, na ndege wakapita juu yetu wakikimbia.

"Mwalimu," Marcel aliniuliza kwa upole, "umepima mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jina!"

Nikajisikia nikisema. Mpaka kwenye jina. Kila mwaka nawachapa watoto wa darasa la nne kwa kosa hilo hilo. Mji hauko penye maandishi, mji uko penye nukta! Mchora ramani huandika jina palipo na nafasi. Nikaifungua ramani kwa pupa hata ikachanika pembeni. Jina liliandikwa upande huu wa kijito. Nukta ilikuwa upande wa pili.

"Baba! Vuka!"

Baba akavuka, maji magotini. Tukamsikia akikata, akikata, halafu panga likanyamaza.

"Mwambie mama," sauti yake ilitoka ndani ya majani, "mwambie hapa kuna minyaa."

Bibi hakungoja nimfikishie ujumbe. Alivuka kijito na nguo zake, akanipita, akampita Marcel, na nilipomfikia alikuwa amesimama mbele ya minyaa mikubwa ajabu, mirefu kupita nyumba. Ulikuwa ua wa mji. Hakuna aliyeupogoa kwa miaka hamsini, ukawa msitu, lakini bado ulisimama kwa mviringo, kama ulivyopandwa. Ndani yake mlikuwa na mwamba mpana uliotoboka mashimo mawili laini ya kusagia mtama. Bibi akakaa juu ya mwamba, akaingiza ngumi yake katika shimo dogo.

"Hili la mama yangu," alisema. "Hili ndilo nililokuwa nachezea."

Zizi halikutaka kutafutwa. Katikati ya ua nyasi zilikuwa nene na za kijani kibichi, ilhali kila mahali pengine zilikuwa zimekauka, na udongo chini yake ulikuwa mweusi, mwepesi, samadi ya ng'ombe wa Maganga iliyolala nusu karne. Karibu na lango palikuwa na mawe matatu yaliyopangwa. Bibi alipiga magoti. Alifungua kibuyu, akamwaga pombe polepole, akasema naye kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechelewa kidogo sokoni. Alimtajia watoto wake wote, waliokufa na walio hai. Alinitaja na mimi, akamwambia kwamba nina akili nyingi ila sina subira. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akajaza gao lake la udongo, akalifunga kwenye pembe ya kanga.

Nililia kwa sauti. Sioni haya kusema.

Marcel alikuwa ametoa ramani yake ya miraba. Akachora duara la buluu, kubwa kuliko nilivyotegemea, likaumeza ua wote na kipande cha kijito. "Ndani ya hili haiingii hata tairi," alisema. "Sasa niandike pahali hapa panaitwaje? Mbuke, kama mwanzo?"

Bibi alifikiri kidogo, akipangusa magoti.

"Andika Maganga," alisema. "Mbuke alikuwa anamshikia nafasi tu."

Marcel akaandika. Nikasimama begani kwake kuhakikisha anaandika penye nukta.

Baba alikuwa bado nje ya ua. Muda wote ule alikuwa amesimama nyuma ya minyaa, panga mkononi, mgongo umetugeukia, maana ndani palikuwa na mama mkwe, na chini ya mawe palikuwa na baba wa mama mkwe, na adabu ya namna hiyo haina mwisho. Sasa tulimsikia akikohoa.

"Klara."

"Naam, Baba."

"Kibandani wataniuliza nimetoka wapi, waandike kwenye daftari. Jina hilo la kwanza silisemi. Na hilo la pili ndiyo kabisa. Niseme nimetoka wapi?"

Niligeuka kumwangalia Bibi. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, mkono umeshika fundo la udongo kifuani.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "aseme ametoka ukweni."